Nani Anaitwa Wewe?

 

Leo tuongee juu ya namna Waitaliano wanavyosalimiana na kuitana. Najua kuna mzee mahali fulani amekwisha kumgeukia mkewe na kuuliza: Waitaliano wanatuhusu nini sisi wa West Nile? Wanatuhusu, mzee wangu. Nenda Ediofe, nenda Ombaci, nenda Lodonga kwenye lile kanisa kubwa la Bikira Maria Sultana wa Afrika, nenda hospitali ya Maracha. Kote huko walipita mapadri na masista wa Daniele Comboni, na wengi wao walikuwa Waitaliano. Jimbo la Arua liliundwa mwaka 1958, na askofu wake wa kwanza, Angelo Tarantino, alikuwa Mwitaliano. Wenzetu wa Radio Pacis walipoanza kurusha matangazo mwaka 2004, aliyewasimamia ni Mwitaliano, Padri Tonino Pasolini. Hata maji ya kunywa yana habari zao, maana ACAV, shirika la kutoka Trento, limechimba visima katika wilaya zetu hizi.

Siku hizi safari zimegeuka, watoto wetu ndio wanaokwenda kwao. Kuna mseminari anayetumwa Roma, kuna sista, kuna muuguzi, kuna kijana aliyevuka bahari kwa njia ambayo mama yake hapendi kuisikia ikisimuliwa. Wote hao wakifika wanakutana na jambo moja ambalo vitabu vya kujifunza lugha hulipitia haraka haraka, nalo ni hili: nani huitwa wewe, na nani haitwi wewe.

Hebu tumfikirie binti wa Ludara, hapa Koboko, aliyepelekwa Verona kusoma. Ameshajifunza Kiitaliano kidogo, ana furaha nacho. Anaingia ofisi ya manispaa kuandikisha anwani yake. Dirishani amekaa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Binti anamsalimu kwa tabasamu lote alilotoka nalo Koboko: «Ciao! Come stai?» Yule mama hakasiriki. Anavaa miwani, anamtazama, anasema: «Buongiorno. Mi dica.» Maneno matatu tu, na ndani yake binti amekwisha kurekebishwa bila kukemewa. Ameambiwa kwamba hapa hatujafikia ciao, na kwamba aeleze shida yake.

Kosa lake liko wapi? Yako mawili, na la pili ndilo kubwa.

La kwanza ni la sarufi. Kiitaliano kina wewe wa aina mbili. Kuna «tu», wewe wa ndugu, wa rafiki, wa mtoto, wa mwanafunzi mwenzako, wa mbwa na paka. Na kuna «Lei», ambayo kwa maana yake ya kawaida ni «yeye», tena yeye wa kike. Mtu usiyemfahamu, mtu mzima, daktari, mwalimu, karani, polisi, mama muuza mboga ambaye umemwona leo mara ya kwanza, wote hao ni Lei. Unamtazama mtu usoni halafu unamsemesha kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine aliye chumba cha pili. Rafiki utamwuliza «come stai», u hali gani. Mgeni utamwuliza «come sta», yu hali gani. Rafiki utamwomba radhi kwa «scusa», mgeni kwa «scusi». Herufi moja tu mwishoni, na Mwitaliano husikia tofauti yake kama unavyosikia wewe mtu akikanyaga mguu wako.

Na mwanamume mwenye ndevu zake, naye huitwa Lei? Naye pia. Chanzo chake ni vyeo vya zamani. Mabwana wa Italia, hasa tangu karne ya 16, walikuwa hawaitwi kwa nafsi zao bali kwa utukufu wao, Ubwana Wako, Ustahiki Wako, na maneno hayo kwa Kiitaliano ni ya jinsia ya kike. Basi ukimtaja tena bwana huyo katika sentensi inayofuata, unautaja utukufu wake, na utukufu ni wa kike. Mabwana wamekwenda zao, na katiba ya mwaka 1948 ikakataa kuvitambua vyeo vyao vya kimwinyi, lakini hiyo Lei imebaki. Sasa ni ya kila mtu.

Tusicheke sana, maana sisi wenyewe tunafanya hivyo. Ni mtoto gani aliyelelewa vizuri humwambia nyanya yake «wewe umeamkaje»? Atasema: «Nyanya ameamkaje?» Mteja mzee akiingia dukani, kijana mwenye adabu humwuliza: «Mzee anataka sukari kilo ngapi?» Mzee huyo yupo mbele yake, mkono umeshika kaunta. Bungeni ndiyo kabisa, Mheshimiwa amesema, Mheshimiwa akae. Tofauti ni kwamba kwetu jambo hili ni la hiari na ni la malezi, wakati Waitaliano wamelifunga ndani ya kitenzi. Huwezi kufungua mdomo kumwuliza mtu saa ngapi bila kwanza kuamua yeye ni nani kwako.

Sasa kosa la pili la binti wetu. Alimwuliza karani hali. Hata kama angesema «come sta» kwa adabu zote, bado angekuwa amezidisha. Kwa Waitaliano, mtu usiyemjua unamsalimu kwa «buongiorno», au «buonasera» jua likishapinduka, kisha unasema kilichokuleta. Kuuliza hali ni kwa mtu unayemfahamu. Ukimwuliza karani hali yake atakushangaa, atajiuliza unataka nini zaidi ya ulichokuja nacho. Lakini usithubutu kuingia dukani, kwa daktari, au hata kwenye lifti ya jengo la ghorofa bila hiyo buongiorno. Wanaisema kwa chumba kizima, kila anayeingia, na wagonjwa waliokaa foleni kwa daktari huitikia wote kwa pamoja kama darasa. Fupi, lakini haikosekani.

Na mlangoni kwa mtu, utafurahi kusikia, wana hodi yao. Mlango hata uwe wazi, hata mwenye nyumba awe amekwisha kukuita, kabla ya kukanyaga ndani unasema «permesso», na kutoka ndani unaitikiwa «avanti». Mtu wa Pwani angejiona yuko kwao.

Hebu tuilinganishe salamu yao na ya Ludara. Wewe ni kijana, unakwenda kwa mama mzee kuulizia shamba la kukodi. Unamkuta chini ya mwembe anachambua mtama. Humwiti ukiwa umesimama kama mlingoti. Unasogea, unajishusha, ukiwa msichana unapiga goti kabisa. Unatoa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko cha wa kulia. Halafu ndipo salamu inaanza, na haina haraka: umelalaje, watoto wamelalaje, yule aliyekuwa na homa anaendeleaje, mvua kwenu imefika, mbuzi je. Naye anarudisha yote hayo kwako, kwa mama yako, kwa baba yako. Kimya kidogo. Mtama unaendelea kuchambuliwa. Shamba litatajwa baadaye, tena huenda yeye ndiye atakuuliza: haya mwanangu, umekuja na lipi?

Sasa sikiliza maneno yenyewe yaliyotumika. Kwa Kilugbara ni «mi ngoni», na unaitikiwa «muke». Hiyo «mi» ni wewe, wewe yule yule anayeambiwa mtoto, anayeambiwa mzee, anayeambiwa askofu. «Emi» ni ninyi, kwa watu wengi. Kikakwa nacho kina «do» kwa mmoja na «ta» kwa wengi. Kinubi cha pale Tanganyika, mtaa wa Arua, kina «ita» na «itakum». Mwitaliano akifungua kitabu cha sarufi ya lugha hizi akaitafuta Lei yetu, asipoiona, anaweza kusema watu hawa wanaitana wewe wewe ovyo. Padri Crazzolara, mtu wa milima ya Tirolo aliyechapisha sarufi ya Kilugbara mwaka 1960, alieleza sauti na vitenzi vyetu kwa kina kinachotisha. Lakini goti halina ukurasa katika sarufi. Wala kile kiwiko kilichoshikwa, wala muda. Adabu yetu sisi tumeiweka huko, kwenye mwili na kwenye muda unaompa mtu. Na kwenye jina pia, kwa sababu yule mama humwiti jina lake la kuzaliwa, unamwita mama fulani, au nyanya, au shangazi hata kama hamna damu moja.

Tatizo letu ni Kiswahili chetu, na hapa nitasema kama ninavyoona, atakayekasirika anipigie.

Kiswahili cha Arua na Koboko hakikuletwa na mashairi wala na vyuo vya dini kutoka Lamu. Kilikuja zaidi na kambi. Arua ilianzishwa mwaka 1914 kama boma la serikali, na vijana wetu wakaandikwa katika King's African Rifles, jeshi la wakoloni, mmoja wao akiwa Idi Amin, aliyeingia jeshini mwaka 1946 na ambaye ukoo wa baba yake ni wa hapa Koboko. Kambini Kiswahili ni mguu sawa, nyuma geuka, mbele tembea. Hakuna sajenti anayemwuliza kuruta mbuzi wa kwao wanaendeleaje. Wastaafu wakarudi nyumbani na lugha hiyo, polisi wakaitumia, magereza wakaitumia, madereva wakaisambaza. «Shikamoo» haikupanda gari hilo. Mwalimu akija kutoka Tanga hapa kwetu, akisikia «wewe mzee, kuja hapa», nywele zinamsimama.

Ila mwenye kusema hivyo mara nyingi hana nia mbaya. Amechukua sarufi ya Kilugbara au Kikakwa, isiyo na wewe wawili, akaivalisha maneno ya kambini. Angekuwa anasema Kikakwa angepiga magoti kwanza. Lakini akishika Kiswahili anasahau na magoti, maana Kiswahili kwake ni lugha ya kusimama wima. Hapo ndipo adabu inapotuponyoka. Nimekaa kwenye foleni za zahanati, nimesikia mhudumu kijana akimwita bibi wa miaka 70 kwa «wewe, ingia», na bibi anainuka polepole, uso umefungwa. Angeambiwa hayo hayo kwa Kilugbara, «mi» ikiwemo, asingeumia, kwa sababu kijana yule angeinama.

Amin mwenyewe alikuwa kichekesho katika jambo hili. Mwaka 1973, akiwa rais, aliamuru Kiswahili kiwe lugha ya taifa, hicho hicho cha wewe kwa wote, huku yeye akijirundikia vyeo hata mtangazaji alihitaji kupumua katikati: Rais wa Maisha, Field Marshal, Al Hajj, Daktari, na vingine vya kuwashinda Waingereza. Waitaliano nao waliwahi kupata mtawala wa kuwachagulia maneno. Mwaka 1938 chama cha Mussolini kiliamua kwamba Lei ni desturi ya kigeni na ya kitumwa, kikataka watu waambiane «voi», ninyi. Wafanyakazi wa serikali wakaamriwa. Kulikuwa na gazeti la wanawake lililoitwa Lei, likabadilishwa jina likawa Annabella. Wachekeshaji nao hawakulala, wakasema basi hata Galileo Galilei tumwite Galileo Galivoi. Mussolini akaanguka, na Lei ikarudi kwenye kiti chake kama iliyokwenda sokoni. Voi haikufa, ilibaki kusini, huko Napoli na Calabria, ambako wazee wanaitumia hadi leo, lakini hiyo ni voi ya babu zao, ilikuwapo kabla ya amri.

Turudi kwa binti wetu. Anakaa Verona, miezi inapita, amezoeana na jirani yake mzee wa ghorofa ya chini. Lini atamwambia «tu»? Siyo yeye wa kuamua. Mkubwa kwa umri au kwa cheo ndiye anayefungua mlango huo. Husema «diamoci del tu», tuitane «tu». Likishasemwa, kurudi kwenye Lei ni kama kununa. Wengi wetu hapo tunapata shida ya namna nyingine: profesa mwenye mvi anakuambia umwite «tu», na ulimi wako uliolelewa Ludara unakataa. Waafrika wengi huko huishia kumkwepa mtu huyo katika kitenzi, wanazungusha sentensi mpaka isiwe na wewe wala yeye.

Vyeo navyo wanavipenda kuliko tunavyodhani. Mtu akishamaliza chuo kikuu tu, hata shahada ya miaka mitatu, kwa sheria ni «dottore», na dottoressa akiwa mwanamke. Msiende kumwonyesha jino bovu. Mhandisi huitwa Ingegnere, wakili huitwa Avvocato. Na ninyi Wakatoliki mnaowaita mapadri wote Fada, mjue kule padri wa jimbo ni «Don», mtawa kama wale wa Comboni ni «Padre». Kinachonifurahisha mimi ni kwamba Mungu, aliye juu ya Wahandisi na Mawakili wote, katika sala zao ni «tu». Baba Yetu ya Kiitaliano humwambia Mungu wewe, wewe wa nyumbani kabisa, na hakuna anayeona ni utovu wa adabu.

Wako ndugu zetu wengine wanaojua Kiitaliano bila kupita darasani. Malindi, Kenya, Waitaliano wamejaa miaka mingi, tangu siku zile walipokuwa wakirusha satelaiti pale Ngomeni, mwaka 1967 na baada yake. Sina hakika kama kuna mji wa Waswahili ambao «ciao» imesikika zaidi. Vijana wa ufukweni wanakiongea kwa kasi ya kushangaza, lakini wamekiokota kwa watalii walio likizoni, na mtalii aliye likizoni ni «tu» kwa kila mtu. Mmoja wao akifika Milano na Kiitaliano hicho, ofisi ya kwanza tu itamstaajabisha.

Sasa nafika kwenye lile ninalotaka wazazi wenye watoto huko wawafikishie. Lei inapimwa pia kwa wasiopewa. Mwitaliano mweupe wa miaka 40 akiingia benki ataambiwa Lei bila mtu kufikiri. Mwafrika wa miaka 40, mwenye tai yake, mara nyingi ataambiwa «tu». Karani anayemwambia hivyo mara nyingine anadhani anamrahisishia mgeni lugha. Mara nyingine ni dharau tupu, ile ile ya siku za koloni kule Eritrea na Somalia, ambako mwenyeji aliambiwa «tu» hata akiwa mzee wa ukoo. Asiyeijua Lei hataona kilichotendeka. Ataona karani amemchangamkia. Cécile Kyenge, mzaliwa wa Kambove huko Katanga, daktari wa macho, aliingia serikalini Italia mwaka 2013 akawa waziri wa kwanza mweusi wa nchi hiyo, na matusi aliyotupiwa hadharani dunia nzima iliyasikia. Yale madogo ya dirishani hayatangazwi.

Na msidhani wao wenyewe hawajui uzito wake. Kanuni za magereza za Italia za mwaka 2000 zinaamuru askari magereza na wafungwa waambiane Lei, pande zote mbili. Mwizi aliyehukumiwa, akiwa ndani ya kuta, ana haki ya kutoitwa wewe. Basi mwuguzi kutoka Koboko anayelipa kodi yake, hana?

Kwa hiyo nawapa sentensi moja, na walio na kalamu waandike. Mtu mzima usiyemjua akikuambia «tu» na wewe umemwambia Lei, unamjibu hivi: «Mi dia del Lei, per favore.» Nirudie polepole: mi, dia, del, Lei, per favore. Maana yake ni: tafadhali, niite Lei. Isiwe kwa ugomvi, wala usiinue sauti. Ukishaisema usingoje aombe radhi, wengi hawaombi. Endelea na kilichokupeleka, karatasi ya kibali cha makazi, tarehe, sahihi. Sikiliza tu kitenzi chake kinachofuata kinaishia na herufi gani.